Ruzuku Hujenga, Wakfu Hutunza

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883 mbele ya bandari ya Unguja, iliporomoka na kuchukua roho za watu wawili. Jumba hilo ndilo lililoyatangulia majumba yote ya Zanzibar kuwaka taa za umeme. Ndilo lililobaki limesimama tarehe 27 Agosti 1896, mizinga ya manowari za Kiingereza ilipobomoa majengo ya kasri yaliyokuwa ubavuni mwake katika vita visivyotimiza saa moja. Na ndilo ambalo, baada ya kutumika kuwa ofisi za serikali na hatimaye makumbusho, lilikuwa limefungiwa wageni kwa miaka kadhaa kwa sababu ya uchakavu. Lakini lililo chungu kuliko yote katika tarikhi yake ni kwamba siku ile lilipoanguka halikuwa jumba lililosahauliwa. Fedha za kulitengeneza zilikwisha kupatikana kwa ukarimu wa Serikali ya Oman, na kazi ya matengenezo ilikwisha anza.

Mtu akilitafakari jambo hili kwa makini ataona kwamba mafunzo yake yanapita mipaka ya Unguja. Jengo la umri wa miaka 137 haliangushwi na siku moja. Huangushwa na maji ya mvua yanayopenya darini mwaka baada ya mwaka, na mche uliojiotea ukutani pasipo mtu wa kuung'oa, na mfereji wa paa ulioziba kwa majani, na boriti iliyooza ncha yake ndani ya ukuta pasipo jicho la kuiona. Gharama ya kuyazuia mambo hayo, moja moja, ni ndogo. Na kwa kuwa ni ndogo, haina mfadhili. Hakuna hafla inayofanywa kwa ajili ya mfereji uliosafishwa, wala hakuna kibao cha shaba kinachobandikwa kwa heshima ya mche uliong'olewa. Fedha kubwa huja baada ya fedha ndogo kukosekana kwa muda mrefu, na mara nyingine huja ikiwa imechelewa.

Basi hoja ya makala haya ni hii: fedha za nje zinazoletwa kwa ajili ya turathi na mabadilishano ya utamaduni ni neema, tena ni neema iliyookoa mengi ambayo pasipo hizo yangalikuwa vifusi, lakini fedha hizo kwa tabia yake hujenga wala hazitunzi, na kazi ya kutunza haina budi kuwekewa mapato yake yenyewe, hapa hapa nyumbani, kwa njia ambayo wazee wetu wa Pwani waliijua vizuri na sisi tumeiacha ilegee.

Waliolipa zamani

Haitakuwa haki kudhani kwamba mabadilishano ya utamaduni ni jambo lililozuliwa na mashirika ya siku hizi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China wa nasaba ya Ming, na merikebu za amiri wa bahari Zheng He zikaja kuitembelea pwani hii. Mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipeleka New York merikebu yake Sultana, akiwamo ndani mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ikiwa imepakia tende, buni, karafuu, pembe, ngozi na mazulia, pamoja na hadiya za Rais wa Marekani, zikiwamo lulu na farasi wawili wa Kiarabu. Rais Martin Van Buren, aliyekatazwa na katiba ya nchi yake kupokea kwa nafsi yake zawadi ya mfalme wa kigeni, alilipeleka jambo hilo mbele ya Bunge, nalo likaamua kwamba vitu vile vipokewe kwa jina la taifa. Na merikebu, iliyokuwa imechoshwa na mawimbi ya bahari mbili, ikatengenezwa upya katika karakana ya jeshi la majini kwa gharama ya serikali ya Marekani. Hadiya ilipokewa kwa hesabu ya wazi, na ukarimu ukajibiwa kwa ukarimu, wala hapana upande uliotoka katika muamala ule umeinamisha uso.

Miongo michache baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888 na aliyeupenda sana muziki wa Kimisri, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga ganuni. Aliporudi aliwafundisha wengine, na kwa mafundisho hayo taarabu ikapata makao Unguja. Mwaka 1905 wapenzi wa sanaa hiyo wakaunda chama chao cha Nadi Ikhwan Safaa, nacho kikaagiza ala kutoka Misri na kuwafunza vijana wake. Na mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka shamba la Fumba akiwa hana mali wala nasaba ya kujivunia, alisafiri mpaka Bombay kuimba katika sahani za santuri, akipelekwa na kampuni iliyotumaini faida; na sahani zile zikaifikisha sauti yake katika mabaraza ya Pwani nzima.

Tazama sasa kwamba katika mifano hii mna aina tatu za fedha. Ya kwanza ni fedha ya dola, iliyompeleka Mohamed Ibrahim Misri. Ya pili ni fedha ya biashara, iliyomvusha Siti bahari. Na ya tatu ni fedha ya jamaa waliojumuika kwa mapenzi yao. Dola ya Barghash imepita. Kampuni za santuri zilichukua faida yao zikaenda zao. Lakini Nadi Ikhwan Safaa ingali hai, ikifanya mazoezi yake katika Mji Mkongwe baada ya zaidi ya karne moja, baada ya wasultani, baada ya ukoloni na baada ya mapinduzi. Fedha ya mwanzo ilikuwa kubwa na ya mwisho ilikuwa ndogo. Lakini ile ndogo ndiyo iliyodumu, kwa sababu wenyewe walikuwa karibu nayo.

Ulimwengu ulipojifunza kuchanga

Mfumo wa kimataifa tunaouona leo ulizaliwa kando ya mto Nile. Misri ilipoamua kujenga bwawa kuu la Aswan, ilibainika kwamba maji yatazamisha mahekalu ya Nubia yaliyosimama kwa maelfu ya miaka. Ndipo mwezi Machi 1960 UNESCO ikatoa mwito kwa mataifa yote yasaidie. Kati ya 1964 na 1968 mahekalu mawili ya Abu Simbel yalikatwa vipande vipande, yakainuliwa na kuunganishwa tena mahali pa juu, mbali na maji. Kampeni nzima, iliyohitimishwa mwaka 1980, iligharimu kiasi cha dola milioni 80, na karibu nusu ya fedha hizo ilitolewa na nchi zipatazo 50. Misri nayo haikupokea bila kutoa: hekalu dogo la Dendur lilipelekwa New York, la Debod likaenda Madrid, na la Taffeh likaenda Leiden, ili waliosaidia wawe na kumbukumbu ya ihsani yao.

Kutokana na mafanikio hayo ulitungwa mwaka 1972 mkataba wa kuhifadhi urithi wa dunia, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, na kwa mkataba huo ukawekwa mfuko ambao kila nchi mwanachama huuchangia kwa kiwango kisichozidi asilimia moja ya ada yake kwa UNESCO. Wazo hili ni tukufu: kwamba msikiti wa Kilwa ni amana ya Mjapani, na hekalu la Kyoto ni amana ya Mmakonde. Lakini orodha ya urithi wa dunia sasa imepita mahali 1,200, na mfuko ni mdogo mno kwa mzigo huo. Kwa hiyo fedha nyingi zinazofanya kazi kweli kweli hutoka moja kwa moja kwa serikali za nchi tajiri, kwa balozi zao, na kwa mashirika ya ihsani. Afrika, ikiona hayo, ilianzisha mwaka 2006 mfuko wake wa urithi wa dunia wenye makao Afrika Kusini, jambo la busara ambalo lingali likihitaji nguvu.

Udhaifu wa kutegemea ukarimu wa mbali ulidhihirika mwaka 2011. Marekani, iliyokuwa ikitoa asilimia 22 ya bajeti ya UNESCO, iliacha kulipa ada yake baada ya shirika hilo kuikubali Palestina kuwa mwanachama; mwishoni mwa 2018 ikajitoa kabisa, mwaka 2023 ikarejea, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba itatoka tena. Mvuvi wa Kilwa hana sauti katika mashauri hayo, wala hakuulizwa. Lakini ukuta uliopo nyuma ya nyumba yake unaweza kupata mtengenezaji au kumkosa kwa sababu ya kura iliyopigwa Paris na hasira iliyowaka Washington.

Kilwa, na walioirudisha

Habari ya Kilwa yastahili kuelezwa kwa kituo, kwa kuwa ndani yake mna matumaini. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji uliokuwa ukitawala biashara ya dhahabu ya Sofala, na katika zama hizo hizo ndipo lilipojengwa Husuni Kubwa, kasri lenye birika la pembe nane juu ya jabali linaloitazama bahari, na ndipo Msikiti Mkuu ulipoongezewa matao na kuba zake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahamishiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikiumega ufuko chini ya kuta, mvua ilikuwa ikizilegeza, na mizizi ilikuwa ikizipasua.

Kilichofuata ni kazi ya mikono mingi. Ufaransa na Japani zilitoa fedha kupitia UNESCO, na baadaye Marekani, kwa mfuko wa mabalozi wake unaohifadhi utamaduni, ikagharimia kazi iliyosimamiwa na shirika la World Monuments Fund. Kuta za ngome ya Gereza ziliimarishwa, matumizi ya ardhi yakapangwa, na mikoko ikapandwa kando ya maji ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha ya hatari.

Katika ushindi huo fedha zilikuwa na sehemu yao, lakini hazikuwa peke yake. Mkoko hauna haja ya mfadhili baada ya kushika mizizi. Una haja ya mwanakijiji anayejua kwa nini haufai kukatwa. Ukuta uliotengenezwa kwa chokaa una haja ya fundi anayekaa kisiwani, atakayeuona ufa ukiwa mwembamba. Mahali ambapo wakazi walifanywa kuwa wenye kazi, badala ya watazamaji wa kazi ya wageni, ndipo faida ya ruzuku ilipopata mahali pa kukaa.

Kila mfadhili na nasaba yake

Fauka ya hayo, liko jambo la pili ambalo msomaji mwadilifu hatalikana. Ukiziangalia ruzuku zilizokuja Pwani utaona kwamba kila mfadhili aghalabu hufuata nyayo za jamaa zake. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kutumiwa na Waingereza kuwa jela mpaka miaka ya 1950, ilichimbuliwa na kufanywa makumbusho kwa ruzuku ya Wakfu wa Calouste Gulbenkian wenye makao Lisbon. Zahanati ya zamani ya Unguja, yenye mabaraza ya mbao yaliyotiwa nakshi kama ya Kihindi, ilijengwa kwa mali ya Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia, nayo ikafufuliwa katika miaka ya 1990 na shirika la utamaduni la Aga Khan, imamu wa Waismailia. Kasri la sultani hugharimiwa na Muscat. Na China ilipopeleka Kenya mwaka 2010 wataalamu wa kuchimba nchi kavu na chini ya maji, walielekea Malindi na Lamu, mahali ambapo athari za safari za Zheng He zilitarajiwa kuonekana.

Wala sisemi haya kwa lawama. Mtu kuthamini athari za wazee wake ni katika muruwa, na Mreno aliyetoa fedha kwa ajili ya ngome ya Mombasa amemfaa mtoto wa Kimombasa anayeingia humo leo kusoma tarikhi. Lakini tukiwaachia wafadhili peke yao wachague, picha ya Pwani itakayobaki itakuwa picha ya wageni waliofika Pwani: ngome ya Mreno, kasri la Mwarabu, sarafu ya Mchina, kanisa la Mwingereza. Nani atagharimia kisima cha kijiji kilichochimbwa na mtu asiye na ubalozi? Nani atatengeneza msikiti mdogo wa Pemba ambao mjenzi wake hakuacha jina? Nani atayaokoa maarifa ya waunda majahazi wa Nungwi na Matondoni, ambao hawakujenga kitu cha kukaa mahali pamoja? Hayo hayana jamaa ng'ambo. Jamaa yao ni sisi.

Panapo masharti mema, hata mfadhili wa mbali huweza kuhudumia kitu kilicho chetu kwa ndani. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, iliyotumika kufundishia elimu tangu zama za Habib Saleh, mwanzilishi wake, ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza unaookoa nyaraka zilizo hatarini, na sharti la mpango huo ni kwamba asili ya nyaraka haitoki katika nchi yake. Msomi wa London aisoma akiwa London, na kitabu kipo Lamu katika mikono ya wenyewe. Huu ni muamala wa haki: kila upande umepata, na mwenye mali hakunyang'anywa.

Mradi una mwisho

Katika sanaa za kuimba na kucheza ila ya ruzuku inayojenga pasipo kutunza huonekana upesi zaidi, kwa sababu ukuta waweza kuvumilia miaka kumi bila mshahara lakini mwalimu wa fidla hawezi. Tamasha la Sauti za Busara, lililofanyika mara ya kwanza Februari 2004 katika Ngome Kongwe, limewakutanisha wanamuziki wa Afrika nzima na kuwapa vijana wa visiwani kazi ya taa, sauti na uandazi. Walakini mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, wafadhili wakubwa walipopunguza mikono yao. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002 na kuwafunza vijana wengi ganuni, udi na ngoma za asili, kiliwahi kufika ukingoni mwa kufungwa kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyewahi kuandika andiko la mradi anajua mambo yalivyo. Mfadhili hutoa fedha kwa miaka miwili au mitatu, kwa awamu. Kila awamu hutanguliwa na ripoti ya utekelezaji, na kila ripoti huandikwa kwa lugha ambayo mwalimu wa ngoma haisemi. Bajeti hukubali warsha, tiketi za ndege, na mabango yenye nembo. Hukataa, au hukubali kwa shingo upande, mshahara wa mlinzi, ankara ya umeme, na nyuzi za udi zinazokatika kila mwezi. Mwaka wa tatu ukiisha huambiwa kwamba mradi sasa ujitegemee, ilhali hapana kilichowekwa ndani yake cha kuutegemeza. Basi wenye chama huanza tena kutunga dhana mpya, si kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na kasoro, bali kwa sababu mfadhili mpya ataka kitu kipya. Nguvu zilizofaa kufundisha huishia katika kuomba.

Chokaa na subira

Asiyejua kazi ya kutunza inadai nini, na atazame namna ukuta wa Mji Mkongwe unavyotengenezwa. Mawe ya matumbawe hupangwa duara juu ya magogo, yakarundikwa mpaka yawe tanuu, moto ukatiwa, ukawaka mpaka mawe yakageuka meupe na mepesi. Kisha humwagiwa maji, yakafuka na kupasuka, yakawa unga na baadaye uji mzito. Na uji huo hauna budi kufunikwa shimoni na kuachwa wiki nyingi, na kwa kazi nzuri miezi, kabla haujafaa kupakwa. Mwashi huuchanganya na mchanga na udongo mwekundu, akatomea kwa vijiwe vidogo kila upenyo baina ya mawe makubwa, akapaka tabaka moja, akangoja, akapaka la pili. Ukuta uliopakwa hivyo huvuta unyevu na kuutoa, hupumua. Anayefanya haraka akapaka saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache lipu huanza kubanduka vipande vipande, ikitoka na uso wa jiwe lenyewe.

Sasa pima kazi hiyo kwa kalenda ya ruzuku. Fedha hufika mwezi wa tano, nazo lazima zitumike kabla ya mwaka wa fedha kwisha, chokaa haijaiva, mkandarasi ana mifuko ya saruji tayari. Si kila mara mtu mwovu ndiye aharibuye jengo. Mara nyingi huharibiwa na tarehe iliyoandikwa katika mkataba na watu wema ambao hawakuuliza chokaa inahitaji muda gani. Kama pangalikuwa na shimo la chokaa linalojazwa kila mwaka, na waashi wanaolipwa mwaka mzima, na wanagenzi wanaojifunza mikononi mwao, fedha ya mgeni ingalifika ikakuta kazi inaendelea, ikaizidishia kasi badala ya kuizua na kuikatiza.

Njia waliyoijua wazee

Wazee wa Pwani walikuwa na jibu la tatizo hili, nalo ni wakfu. Mtu mwenye shamba la minazi au nyumba ya kupangisha aliifunga mali hiyo: isiuzwe, isirithiwe, isitolewe kwa hadiya, na mapato yake yawe ya kununulia mafuta ya taa za msikiti, mikeka, kamba na ndoo za kisima, ujira wa imamu na wa mwalimu wa chuo, na matengenezo ya jengo lenyewe. Msimamizi aliwekwa, na kadhi alimwangalia. Hakuna aliyesubiri ukuta uanguke ndipo aombe. Mnazi uliangua nazi kila msimu, na kila msimu msikiti ulipata chokaa yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa za wakfu, na mpaka hii leo Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Ni kweli kwamba njia hii nayo ilipata maradhi. Kodi za nyumba za wakfu ziliachwa chini miaka na miaka huku bei ya boriti na ujira wa fundi vikipanda, na msimamizi aliyekosa mapato alikosa pia uwezo wa kuziba dari. Lakini ugonjwa wa hesabu hutibiwa kwa hesabu; hautibiwi kwa kuitupa kanuni iliyo sahihi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wetu ni huu.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba, na nayaomba kwa nia safi. Kila mkataba wa ruzuku kwa ajili ya jengo, miswada au chuo cha sanaa uwe na sharti la kutenga fungu, hata liwe moja katika kumi, liwekwe kuwa rasilimali isiyoguswa, na faida yake peke yake itumike kutunza kilichojengwa. Wafadhili wapenda vitu vya kuonekana na waelezwe waziwazi kwamba wakfu wenye jina lao utaendelea kulitaja jina hilo wakati rangi ya ukuta itakapokuwa imekwisha pauka. Kiingilio anacholipa mtalii mlangoni mwa athari, sehemu yake iliyo maalumu ibaki pale pale, katika hesabu inayobandikwa ukutani ili kila mwanakijiji aisome. Waashi wa chokaa, waunda majahazi na walimu wa ala waajiriwe kwa ajira ya kudumu pamoja na wanagenzi wao, kwa kuwa nao ni athari zinazotembea, na wakifa bila wanafunzi hapana ruzuku itakayowarudisha.

Na mabadilishano yawe mabadilishano kweli, yenye kwenda na kurudi. Oman ilipoitengeneza ngome ya Bahla, iliyokuwa katika orodha ya hatari tangu 1988 mpaka 2004, iliwapa mafundi wake maarifa makubwa ya majengo ya udongo. Yafaa mwashi wa Lamu apelekwe akajifunze huko, na fundi wa Nizwa aje akatomee ukuta wa Unguja, kama vile Barghash alivyompeleka mpiga ganuni Misri, akarudi na elimu iliyotufaa mpaka leo. Safari moja ya namna hiyo, ikiwa mwendaji atapewa muda wa kujifunza na wanafunzi wa kuwafundisha arudipo, yazidi makongamano mengi.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu walio mbali. Wako watu Muscat, Dubai, London na Toronto ambao Kiswahili ndicho lugha ya jikoni mwao, na ambao mababu zao walizaliwa, wakasoma na kuzikwa katika pwani hii. Wengi wao hutuma fedha za kujenga misikiti mipya na visima vipya, na Mungu awalipe kheri. Nawasihi waifikirie pia thawabu ya kukifungia mapato kisima kilichokwisha chimbwa na chuo kilichokwisha jengwa: duka moja mjini, shamba moja la minazi, hisa chache katika benki, zilizofungwa kwa hati halali mbele ya mashahidi, na msimamizi atakayetoa hesabu kila mwaka. Serikali kwa upande wake iziwekee wakfu hizo sheria nyepesi, ulinzi madhubuti na ukaguzi usiopendelea, maana mtoaji hafungi mali yake mahali ambapo hana imani kwamba itakaa ilivyokusudiwa. Tukilifanya hilo, tutaipokea ruzuku ya mgeni kwa mkono wa shukrani, tukiwa na uwezo wa kuchagua ipi tuikubali na ipi tuikatae. Na kulichagua tutakalolirithisha kwa wajukuu ni haki ambayo hatuna ruhusa ya kuiacha mikononi mwa mtu mwingine.